Kalamu Iliyoteleza

Notburga alikuwa akikausha samaki aina ya mbasa kwa moshi huko Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa. Wenzake waligeuza samaki kwa vijiti. Yeye aligeuza kwa vidole vitupu. Moto ulipopanda wenzake walirudi nyuma, naye akawacheka.

"Mke wangu ana mikono ya kazi," Cleopa, mumewe, alijisifu kwa wateja.

Malengelenge yalitoka, yakawa vidonda. Vidole viwili vikaanza kujikunja. Notburga hakujali, maana hakusikia maumivu. Asiyeumwa aende zahanati kufanya nini?

Siku moja muuguzi Vitalia alikuja kununua samaki. Akaviona vile vidole.

"Shikamoo, mama Lidia. Naomba mkono wako."

"Marahaba. Una nini mkono wangu?"

Jua lilikuwa kali na wote walitoka jasho. Vitalia alichukua kalamu ya plastiki, akaiburuta taratibu kwenye mkono wa Cleopa. Ikakwamakwama. Akaiburuta kwenye mkono wa Notburga. Ikateleza kama juu ya sahani.

"Ngozi yenye afya ina unyevu wa jasho, unaishika kalamu," alisema Vitalia. "Hapa jasho halitoki. Mishipa ya fahamu imeharibika, ndiyo maana husikii moto. Nahofia ni ukoma. Twende hospitali wakapime vizuri."

"Nani ametulaani?" Cleopa aliuliza.

"Si laana, baba Lidia. Ni vijidudu. Dawa yake ni bure, na inaponya."

"Na vidole vyangu?" aliuliza Notburga.

Vitalia alivigusa vile viwili. "Dawa itauzuia ugonjwa. Vilivyojikunja huenda visinyooke tena. Ungewahi, mama."

Notburga alilia. Cleopa aliona aibu kwa majivuno yake yote.

Hospitali ilithibitisha kuwa ni ukoma. Familia nzima ilipimwa. Binti yao, Lidia, alikutwa na baka dogo mkononi, lililopauka na lenye ganzi. Mama na binti wakameza dawa mpaka mwisho. Cleopa akawa anageuza samaki, kwa kijiti. Notburga alishika sufuria kwa kitambaa kinene, na kila jioni alikagua mikono yake.

Dawa zilipokwisha, Vitalia alipitisha kalamu juu ya baka la Lidia. Lilikuwa limefifia.

"Imekwama?" Notburga aliuliza.

"Imekwama, mama. Jasho limerudi."

Notburga alishukuru Mungu. Akataka kuligusa jasho hilo mwenyewe. Akapitisha vidole vyake pale pale, polepole. Hakusikia kitu.