Usimkimbilie Aliyelala

Jua la Januari kule kaskazini mwa Alberta, nchini Kanada, halichwi, linachoka tu. Linaegemea misonobari kidogo, halafu giza linakuja kuketi mahali pake. Ilikuwa saa hiyo, Leona Courtoreille akiwa amemaliza mzunguko wake wa visima vya mafuta na anafikiria supu ya kambini, ndipo redio ya gari ilipokohoa.

"Dada Leona. Uko hai au umeganda?"

Alikuwa Clovis Supernault, dereva wa lori la tangi aliyebeba mafuta kutoka visimani. Clovis alimwita dada ingawa yeye ndiye aliyemzidi Leona miaka mingi. Undugu wao ulikuwa utani tu.

"Niko hai. Sema."

"Nipo Mkia. Bomba limeganda, hata tone halitoki. Njoo na dawa yako ya kuyeyusha, la sivyo nitaliwa na mbwamwitu."

"Mbwamwitu wana akili, hawali kilichochacha. Sasa sikiliza, Clovis. Kaa ndani ya lori. Usishuke mpaka nifike."

"Ndiyo, bosi."

"Sikutanii."

"Nimesikia, dada. Nakunywa kahawa yangu."

Leona aligeuza pikapu.

Mkia ndicho kisima kilichokuwa mwisho wa barabara. Baada yake ni msitu na mabwawa yaliyoganda, basi. Gesi yake ilikuwa mbaya kuliko zote. Siku ya kwanza kazini mtu aliambiwa hivi: ukisikia harufu ya yai viza, una bahati. Gesi ikizidi, huua pua kwanza. Harufu ikikatika ghafla, ujue umefika penyewe. Na aliambiwa neno la pili, zito kuliko la kwanza: ukimwona mwenzako ameanguka, usimkimbilie. Vaa barakoa ya hewa, kisha umwendee. Wengi waliokufa visimani walikufa wakiwakimbilia waliokwisha kufa.

Leona aliipenda kazi ile kwa namna ambayo mama yake hakuielewa. Tangu kaka yake Lucien azame mtoni, barafu ikimfungukia chini ya miguu, Leona hakuweza kutulia. Alipika kambini, akaacha. Alifagia hoteli ya madereva, akaacha. Alihama mji, akarudi, akahama tena, kama mtu aliyesahau kitu na hajui ni kitu gani. Kisha akafundishwa visima. Kusikiliza pampu ikiinama na kuinuka kama mama anayetwanga, na kujua kwa mlio tu kwamba kuna kinachouma. Visima vilimhitaji kila kukicha. Hakuna kitu kilichowahi kumhitaji hivyo.

Hata hivyo miguu yake haikuacha kuwasha. Jioni hii iliwasha zaidi.

Alipokaribia Mkia aliona taa za lori zikiwaka. Injini ilikuwa ikinguruma. Mlango wa dereva ulikuwa wazi.

Clovis hakuwamo.

Leona alisimamisha gari mbali, upande upepo unakotoka, kama alivyofundishwa. Akateremsha kioo kidogo. Harufu ya yai viza ilipita puani, nyembamba, kama mtu aliyechungulia na kujificha.

Halafu ikakatika.

Pampu ilikuwa ikitwanga. Du... du... du.

Akatazama kibanda cha mitambo. Mbele ya mlango wake, juu ya theluji, mtu alikuwa amelala kifudifudi. Taa za lori zilimmulika mgongoni. Alivaa koti la sufu la mirabaraba ya rangi nyekundu na nyeusi, lililoraruka bega la kushoto na kushonwa kwa uzi mweupe.

Leona ndiye aliyelishona. Walimzika Lucien nalo.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Hakumbuki kuupeleka. Mwili mzima ulikuwa umekwisha kuamua, umebaki mlango tu.

"Dada..."

Sauti ilikuwa ndogo. Ilitoka kibandani, au ilitoka redioni, hata leo hawezi kuapa.

"Dada... njoo."

Leona akaganda. Si kwa hofu kwanza. Kwa neno lenyewe. Lucien alikuwa kaka yake mkubwa. Maisha yao yote, hata wakigombana, hata amelewa, hakuwahi kumwita dada. Alimwita mdogo wangu. Alimwita hivyo hata Leona alipokuwa mtu mzima, mbele ya wachumba wake, mpaka Leona akamchukia.

Aliyelala pale hakumjua Leona.

Aliuachia mlango. Alivuta barakoa kutoka kiti cha nyuma, akabeba mtungi wa hewa mgongoni, akakaza mikanda. Ilimbidi ainamishe kichwa kidogo tu kufunga kidevuni. Alipoinua macho, yule mtu alikuwa bado amelala. Ila mkono wa kulia, uliokuwa chini ya tumbo, sasa ulikuwa umenyooshwa.

Kuelekea kwake.

Leona alishuka. Hakukimbia. Miguu ilitaka kukimbia, mbele au nyuma haikujali, naye akaibana kama mtu anayeongoza ng'ombe wawili waoga. Kipima gesi kifuani kilianza kulia. Kikalia kwa nguvu zaidi. Ndani ya barakoa alisikia pumzi zake mwenyewe tu, na pampu... du... du.

Alifika mbele ya mlango.

Hapakuwa na mtu.

Palikuwa na shimo la umbo la mtu kwenye theluji, kichwa, mabega, mkono ulionyooshwa. Nyayo za buti zilikuja mbio kutoka kwenye lori, zikafika pale, zikazunguka kibanda. Nyayo nyingine za kuja au kuondoka hazikuwapo. Ndani ya lile shimo theluji ilikuwa imeyeyuka, na maji yake yalikuwa meusi, hayagandi, katika baridi ambayo hata mate huganda kabla ya kufika chini.

Alifuata nyayo za buti. Nyuma ya kibanda, Clovis alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, midomo ya bluu.

Huyu alikuwa na uzito. Leona alimkamata kwapani akaanza kumburuta dhidi ya upepo, hatua kwa hatua. Theluji ilisagika chini ya buti zake. Akasimama kuvuta pumzi.

Nyuma yake theluji ilisagika mara moja zaidi.

Hakugeuka. Akavuta tena. Akasimama. Tena ikasagika mara moja, karibu zaidi, kama mtu anayejifunza kutembea kwa kumtazama mwingine. Leona akaanza kusema ndani ya barakoa, polepole, kama anavyozungumza na pampu zinapogoma: "Huyu ni wangu. Huyu ni wangu. Huyu ni wangu." Alisema hivyo mpaka mgongo wake ulipogonga pikapu.

Alimpa Clovis hewa ya mtungi wa akiba, akamkandamiza kifua, akaita kambi. Clovis alipokohoa, alimtapikia mapajani. Leona alilia kwa furaha ya matapishi yale.

Siku chache baadaye alikwenda kumwona hospitalini, katika mji wa High Level. Clovis alikuwa amekonda uso, lakini ulimi haukukonda.

"Umekuja mikono mitupu? Mtu anafufuka, unamletea salamu?"

"Nilikuambia usishuke."

Clovis aliangalia dirishani, akipapasa shuka.

"Sikushuka kwa ukaidi," alisema. "Nilikuona wewe."

"Mimi nilikuwa njiani."

"Najua ulikuwa njiani. Nilikuwa nimetoka kuzungumza nawe, kikombe hata hakijapoa. Akili ilijua. Miguu haikujua." Akashusha sauti. "Ulikuwa umelala mlangoni. Koti lako hili hili, kofia hii hii. Nikakimbia. Nilipofika hukuwepo, ukawa umelala nyuma ya kibanda. Nikakimbia tena. Basi."

"Ukaniita?"

"Nikuite saa ngapi? Na pumzi ipi?"

"Nilisikia mtu akisema dada."

Clovis alimtazama. Hakufanya utani wowote, na hilo ndilo lililomtisha Leona kuliko yote.

Wakaguzi walikuja, wakakuta kifungio kilichopasuka kwa baridi, wakabadilisha. Walisema gesi huchezea ubongo, mtu huona anachokiogopa. Leona aliwauliza mbona yeye aliona akiwa bado ndani ya gari, upande salama. Walisema labda ilimfikia kidogo. Labda. Mama yake, aliposimuliwa, aliendelea kukanda unga wa mkate bila kuinua kichwa, kisha akasema vitu vingine havipewi jina, kwa kuwa jina ni mlango.

Leona alirudi kazini. Wenzake walidhani ataomba visima vingine, naye akaomba vile vile. Kila mtu aliyepangiwa Mkia, Leona alimkalisha na kumwambia kwa kinywa chake: ukimwona mtu amelala pale, awe nani awaye, usikimbie. Hata ukiniona mimi. Hasa ukiniona mimi. Walicheka mara ya kwanza. Alirudia mpaka wakaacha kucheka. Huko ndiko moyo wake ulikopata kazi, zaidi hata ya kwenye mabomba.

Mwezi Machi alikuwa nyumbani kwa mapumziko, akikaanga samaki, simu ikaita. Alikuwa Orest Hnatiuk, aliyeshika visima hivyo zamu ya Leona ikiisha. Mtu mzito, asiye na maneno.

"Leona." Alikuwa akinong'ona. "Umerudi kazini mapema?"

Leona alizima jiko. "Niko kwa mama yangu, Orest. Sikia mafuta yakichemka."

Upepo. Nyuma ya upepo... du... du.

"Uko ndani ya gari?" aliuliza Leona.

"Ndiyo."

"Barakoa?"

"Nimevaa. Nimeishusha niongee nawe."

"Irudishe. Usikimbie. Nenda polepole, mimi niko hapa."

Alisikia mlango ukifunguka. Alisikia buti zikisaga theluji na pumzi nzito za Orest ndani ya barakoa. Alijikuta bado ameshika mwiko. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

Baada ya muda mrefu buti zilirudi. Mlango ukafungwa.

"Hakuna mtu," alisema Orest. "Maji meusi tu."

"Vizuri. Umefanya vizuri. Rudi kambini."

Lakini Orest hakukata simu.

"Kabla sijashuka, ulikuwa umelala pale, umegeuza uso, Leona. Ulikuwa ukinitazama. Ukaniita jina langu la utotoni, lile ambalo hapa hakuna alijuaye. Sisi sote sasa umetufundisha tusikukimbilie. Siku ukianguka wewe kweli, tutajuaje?"

Samaki alikuwa akipoa kwenye kikaango. Leona alilala na swali lile usiku ule, na kesho yake. Siku ya tatu, zamu yake ikiwa bado haijafika, mama yake aliamka akakuta buti hazipo mlangoni, na alama za magurudumu zimeelekea kaskazini, upande wa Mkia.