Kitabu cha Sinema cha Mehrunnisa

Shagufta alikuwa jikoni akimenya vitunguu saumu, mchana kweupe, aliposikia dada yake akicheka peke yake chumbani.

"Dada Mehru, kulikoni?"

"Si hawa tembo wa mfalme! Mmoja ana makengeza!"

Kisu kilimtoka mkononi. Mehrunnisa alikuwa kipofu tangu ana miaka kumi na tatu, na tembo huyo alikuwamo ndani ya kitabu alichokifungia Shagufta sandukuni miaka arobaini nyuma.

Mwaka ule marehemu baba yao aliwapeleka kuona sinema ndefu ya vita vya wafalme, ya saa nne nzima. Pale mlangoni akanunua kitabu kimoja cha picha zake, cha Mehru, kwa kuwa wa kwanza darasani. Shagufta akajaa kijicho. Sasa, kwao Delhi, wenye shida huwaandikia majini barua na kuziacha kila Alhamisi kwenye mashimo ya ngome iliyobomoka, jina na anwani juu, maana jini naye lazima ajue nyumba. Alhamisi iliyofuata naye akaandika: Nataka kitabu cha Dada kiwe changu peke yangu. Kwa njia gani, hakusema. Alikuwa na miaka kumi. Wiki haikuisha, Mehru akashikwa na surua, ikaondoka na macho yake.

Shagufta hakuolewa. Alimpikia dada yake, akamsuka, akamshika mkono njiani. Majirani walimsifu, na kila sifa ilimchoma moyo.

Sasa harufu ya udi ilipenya chini ya mlango, na hakuna aliyechoma udi, na nyuma ya harufu karatasi nzito zilikuwa zikifunuliwa polepole, moja baada ya moja, huku sauti nene isiyokuwa ya mtu wa nyumba ile ikinong'ona, ikinyamaza, ikisubiri Mehru acheke, kisha ikiendelea.

Maulana Irtiza, mganga wa mtaa, alifika asubuhi yake akagoma hata kuketi.

"Huyu aliitwa kwa barua, bibie," alinong'ona. "Kisomo hakimtoi. Aliyeandika aikane barua kwa mdomo wake, mbele ya yule aliyedhulumiwa."

"Akinichukia je? Sina mwingine duniani."

"Basi ishi na jini."

Shagufta aliingia chumbani, akapiga magoti, akasema yote bila kujitetea, akaikana barua. Kitabu kilianguka sakafuni. Harufu ikakatika.

Mehru alipapasa hewa pembeni yake.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, Dada. Nisamehe."

"Miaka yote hii unanilisha, Shagufta. Hata siku moja hukuniambia picha zile zikoje."

"Niliona aibu."

"Yeye kaja jana tu, kanionyesha zote." Mehru aligeuza uso ukutani. "Kaandike barua nyingine. Mwite arudi."

"Dada, yule ndiye aliyekupofusha!"

"Nimesikia. Mwite."