Upande wa Pili wa Kaseti

Mnisamehe, mimi jukwaani nimezoea kuchekesha, kwa hiyo hii nitaiharibu. Enzi za ruksa, miaka ya themanini ikiishia, hapa Itigi, daktari alimwambia rafiki yangu Zefania atembee kila jioni, la sivyo presha itamuua. Akalalamika kwamba kutembea peke yake kunachosha. Nikamsomea kijitabu kifupi kwenye kaseti, akawa anakisikiliza kwa wokimani ya mtumba, kando ya reli.

Siku moja akanijia. "We mchekeshaji, upande wa pili mbona unaniita jina? Unaniambia nisimame."

Nilikuwa nimerekodi upande mmoja tu. Nikadhani ananitania. "Basi simama, bwana! Msomaji hakaidiwi."

Jioni ile giza liliwahi. Honi ya treni tuliisikia hadi sokoni, ikalia tena, kisha kimya. Dereva alisema mtu alisimama wima katikati ya reli, kainamisha kichwa kama anayesikiliza.

Kaseti ilipona. Nimeusikiliza upande wa pili. Ni kokoto tu zinakanyagwa, polepole, halafu, "Zefania, simama hapo hapo," na kicheko.

Kicheko chenyewe ni changu, Singida nzima inakijua. Nikikikana, nani ataniamini?