Mkalimani wa Jukwaani

Ndugu zangu mnaosomesha watoto vyuoni, nanyi vijana mnaogombea uongozi huko, nipeni muda wenu kidogo. Nina kisa cha nyumba moja ya Kiandutu, pale Thika. Si kisa cha kuchekesha, ingawa kinaanza na kicheko.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Mwongeli na mdogo wake Kisilu walikuwa wamekaa mlangoni mwa chumba chao cha kupanga, karai la nguo katikati yao. Mwongeli alikuwa akimwigiza mhubiri wa asubuhi ile kwa mikono yenye povu la sabuni: jinsi alivyopanguza jasho, jinsi Biblia ilivyomponyoka akaidaka kwa goti. Kisilu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa na miaka mitatu. Kicheko chake kilikuwa kikubwa na cha ghafla, na majirani wakikisikia walijua ndugu hao wawili wako nyumbani.

Mwelu, mama yao, alikuwa amebaki kwao Yatta akilima ndengu na mbaazi. Huko ndiko Mwongeli alikojifunza lugha ya ishara akiwa msichana wa miaka tisa. Hakuna aliyemtuma. Kila Jumamosi alitembea hadi nyumbani kwa mwalimu mmoja wa viziwi, kwa sababu hakutaka kaka yake akae kimya wakati wa kula huku wengine wakipiga hadithi. Naomba mlikumbuke hilo. Huyu hakuwa msichana mbaya.

Sasa wote wawili walikuwa katika chuo kimoja cha ufundi kati ya Thika na Ruiru. Jina la chuo nitaliacha. Mwongeli alikuwa mwaka wa pili, akisomea ustawi wa jamii. Kisilu alikuwa ndiyo kwanza ameanza useremala.

Nguo zilikuwa bado kwenye karai Mwas alipotokea. Huyu Mwas alisoma darasa moja na Mwongeli, na kwa wiki mbili alikuwa akimsukuma agombee urais wa wanafunzi.

"Sasa, Mwongeli. Kumbe huyu ndiye brathe yako?" Akamgeukia Kisilu, akainua kidole gumba. "Niaje, bosi?"

Kisilu akainua chake.

"Sikia," Mwas akaendelea. "Chuoni kuna viziwi kumi na moja. Ongeza wale wa viti vya magurudumu na wale hawaoni. Hakuna msee ashawahi kuwaongelea. Wewe ukitokea kwa posta ya kampeni na brathe yako hapo kando, hiyo kiti ni yako."

"Kisilu si wa kuwekwa kwa posta."

"Si umuulize?"

Mwongeli akamuuliza kwa mikono.

"Ukishinda," Kisilu akauliza kwa ishara, "utatuletea mkalimani darasani?"

"Hilo ndilo la kwanza kabisa."

"Basi nipigeni picha."

Picha ikapigwa, posta zikabandikwa kuanzia lango kuu hadi jikoni. Mwongeli alizungumza kwenye mikutano kwa mdomo na mikono kwa pamoja, na wengi walimpenda kwa hilo. Alishinda kwa kura arobaini na mbili. Ukiwaondoa viziwi na marafiki zao, asingeshinda.

Ahadi nayo aliitimiza, mwanzoni. Mkuu wa chuo alikubali kumwajiri mkalimani wa lugha ya ishara, mwanamke mtulivu aliyeitwa Beth, kwa siku mbili kila wiki. Baraza la wanafunzi ndilo lingempangia kazi. Kisilu na wenzake waliomba Jumanne na Alhamisi, siku za mazoezi ya karakana, kwa sababu Mwalimu Gachanja alikuwa na tabia ya kufundisha akitembea huku amewapa mgongo. Kwa wiki tatu Beth alisimama kati ya mbao na randa, mikono yake ikifuata kila neno la mwalimu. Kisilu alitengeneza stuli yake ya kwanza, akaibeba kichwani hadi Kiandutu.

Kisha wageni wakaanza kuja. Chuo kilikuwa kimesifika. Walikuja watu wa kaunti, yakaja mashirika, wakaja wapiga picha. Kila mgeni alipofika, Mwongeli alimtoa Beth karakana na kumsimamisha kando yake jukwaani. Nadhani mnaelewa. Beth akiwa jukwaani, chuo kizima kilionekana chema. Akiwa karakana, hakuna aliyemwona ila wale waliomhitaji.

Siku moja, wageni walipokwisha kuondoka, Beth alimvuta Mwongeli kando.

"Dada, nikuulize kitu. Leo pale uwanjani nimetafsiri saa mbili. Kiziwi hata mmoja hakuwepo. Wote walikuwa darasani. Mimi nilikuwa naongea na nani?"

"Wageni walikuona, Beth. Wakiona, watatusaidia zaidi."

"Na leo Kisilu amefundishwa na nani?"

Mwongeli aliangalia simu yake. "Nitapanga vizuri wiki ijayo," akasema.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Chuo kilikuwa kimechaguliwa kupokea tuzo ya ujumuishaji, yaani ya kutowaacha nje wenye ulemavu, katika hoteli moja Nairobi, na rais wa wanafunzi angeipokea. Siku ilikuwa Alhamisi.

Jumatano jioni, wakiwa wanakula githeri, Kisilu aliweka kijiko chini ili mikono yake iwe huru.

"Kesho usimchukue Beth. Kesho tunaanza misumeno ya umeme."

"Kesho ni tuzo. Ni siku moja tu. Mwambie mwenzako akuandikie."

"Ataandika saa ngapi, mashine zikizunguka?"

"Kisilu, hii tuzo ni yenu."

Kisilu akatikisa kichwa. "Kama ni yetu, nipeleke mimi."

"Nafasi zimejaa," Mwongeli akajibu, akaanza kukusanya sahani. Alijua anamwonea. Moyo ulimwambia, na yeye akauambia moyo ungoje mpaka Ijumaa.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Gachanja alisimama mlangoni mwa karakana, akapaza sauti kuushinda mngurumo wa mashine. Alisema msumeno wa pale kwenye kona umelegea kinga yake, mtu asiuguse mpaka utengenezwe. Wanafunzi ishirini na watatu walimsikia. Hakuandika popote, hakufunga hata utepe. Viziwi wawili wa darasa lile, mmoja alikuwa hajafika. Mwingine, Kisilu, alikuwa ameinama mbele ya rafu akichagua ubao.

Alipoinuka aliona kuna foleni kwenye misumeno yote ila ule wa kona. Akaenda huko, akafurahi kwamba hatangoja.

Kilichofuata sitakieleza. Jueni tu kwamba darasa zima lilipiga kelele kwa pamoja, na kelele zile hazikumsaidia. Alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia.

Katika saa hiyohiyo Mwongeli alikuwa jukwaani Nairobi, na Beth kando yake. "Katika chuo chetu," Mwongeli akawaambia wageni, "hakuna anayeachwa nyuma." Mikono ya Beth ilisema hivyo pia. Watu wakapiga makofi. Simu zote mbili zilikuwa zimezimwa, ndani ya mikoba, chini ya meza.

Hospitalini madaktari walimuuliza Kisilu maswali ambayo hakuyasikia. Walimpa karatasi, lakini mkono wa kuandikia ndio ulioumia. Mwalimu Gachanja alikuwepo, shati limejaa damu, akitamka maneno polepole mbele ya uso wake kama vile ukiziwi ni uzito wa kuelewa. Kisilu aliingizwa chumba cha upasuaji akidhani anakwenda kurudishiwa vidole. Hakuna aliyeweza kumwambia vinginevyo.

Mwongeli na Beth walifika saa kumi jioni, Mwongeli bado amevaa suti aliyoazima kwa ajili ya tuzo. Kisilu alikuwa ameamka. Aliinua mkono uliofungwa kitambaa kinene cheupe kutaka kusema kitu, na hakuna neno lililotoka. Akajaribu tena. Mkono ule ndio aliokuwa akizungumza nao tangu utotoni. Beth aligeukia ukuta akalia.

Mama yao alifika kesho yake kutoka Yatta.

"Mwongeli," akauliza, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Nairobi, mwaitu. Tulikuwa tunapokea tuzo."

"Tuzo ya nini?"



Chuoni kukawa na vikao. Mwalimu Gachanja alisimamishwa kazi. Mkuu wa chuo alisema mkalimani alikuwa chini ya wanafunzi, baraza likasema lilikuwa chini ya mkuu. Viziwi kumi waliobaki walikwenda hadi ofisi ya baraza, wakabandua posta ile yenye sura ya Kisilu, wakaikunja vizuri na kuondoka nayo. Mwongeli alijiuzulu wiki hiyo. Muhula uliofuata Beth aliajiriwa siku zote tano, ndani ya karakana. Lakini Kisilu alikuwa amekwisha kurudi Yatta, na alikataa katakata kurejea.

Desemba Mwongeli alikwenda nyumbani. Alimkuta kaka yake uani akipukuchua mbaazi kwa mkono wa kushoto. Akachuchumaa mbele yake, akasema kwa ishara kila kitu alichokuwa amekibeba miezi ile: kwamba alijua anamwonea, kwamba alipenda makofi, kwamba anaomba msamaha.

Kisilu aliitazama mikono yake mpaka ikamaliza. Kisha akafumba macho.

Sisi tunaosikia, tukichoka na mtu, tunaweza kumwambia anyamaze. Kiziwi hufumba macho, na mazungumzo yamekwisha. Mwongeli alingoja hadi miguu ikafa ganzi. Kisilu hakufumbua macho. Mama yao alisimama mlangoni, akaona yote, na hakumwambia Kisilu ayafumbue.

FUNZO

Wapo wanaowachukia wenye ulemavu, na hao tunawajua. Kisa hiki si chao. Mwongeli alimpenda kaka yake. Alichokosa ni kukubali kumtumikia mahali pasipo na macho ya watu. Aligeuza haki ya mwenzake kuwa pambo la sherehe, na pengo lililobaki karakana likaliwa na chuma.

Viongozi wa wanafunzi, msaada ni wa yule anayeuhitaji, saa anayouhitaji. Akikwambia "kesho usimchukue," usimjibu kwamba ni siku moja. Wakuu wa vyuo, msiwatwike vijana kazi iliyo yenu, kisha mkajificha nyuma yao. Walimu, tahadhari inayotolewa kwa sauti peke yake haijatolewa kwa wote.

Nawe unayesoma haya chuoni, kesho asubuhi pita madarasani na karakana. Mwalimu akianza kuzungumza, angalia ni nani aliyepewa mgongo. Anzia hapo.