Ulikwenda na Nani Grenada

Sogeeni niwatege. Nina chumba hakina dirisha wala kitanda, mchana kutwa kinapanda na kushuka, lakini nje ya nyumba hakijawahi kutoka. Wewe wa nyuma umesema ndoo ya kisimani? Sivyo. Nipeni mji basi, niushibe kwanza, ndipo niwaambie: ni lifti.

Na ni lifti ya jengo refu, lenye ofisi kila ghorofa, iliyowakutanisha kijana na binti wa hadithi yangu. Ilikuwa saa saba mchana, watu wametoka kula, wamejazana chini wakitazama kibao kilichoandikwa INATENGENEZWA. Mbele yao kapiga magoti fundi, kijana mrefu, ovaroli yake ya buluu imepigwa pasi hadi mistari inasimama, bisibisi sikioni pale wengine wanapoweka kalamu.

Binti mmoja akapenya mbele. Kavaa gauni la rangi ya chungwa, viatu vya kisigino kavishika mkononi.

"Fundi, ofisi yangu iko ghorofa ya sita, na mimi si mbuzi."

"Dakika kumi tu, dada."

"Hata asubuhi ulisema dakika kumi."

"Asubuhi nilikuwa nakutuliza. Sasa nasema kweli."

Na kweli, dakika ya tisa milango ikafunguka. Watu wakatazamana, kila mmoja anamngoja mwenzake ajaribu.

"Panda, twende wote," fundi akamwambia. "Ikianguka, tumeanguka pamoja."

"Hayo unawaambia wote, au wa ghorofa ya sita tu?"

"Wa ghorofa ya tano huwa nawaambia wapande ngazi, ni afya."

Binti akacheka, akaingia. Kwapani alikuwa na vitabu vya picha vya ofisini kwao, maana kazi yake ilikuwa kupanga safari za watu. Fundi akachungulia kile cha juu: mchanga mweupe, milima ya kijani imeinama juu ya maji.

"Huku ni wapi?"

"Grenada. Kisiwa, kiko Bahari ya Karibi. Tulipofika, asubuhi harufu ya kungumanga ilituamsha kabla ya jua."

Fundi akavuta pumzi kana kwamba harufu imeingia humo liftini.

Sasa nyinyi niwaambie asilolijua fundi. Binti yule Grenada hakufika. Hata ndege hakuwahi kuipanda. Ila mama mwenye ofisi, mwembamba wa mwili, mnene wa sauti, aliwawekea wafanyakazi wake sheria: mteja haambiwi "wanasema", anaambiwa "tulipofika". Mtu hampi pesa zake aliyesimuliwa, humpa aliyeona. Miaka minne binti amesema "tulipofika" na "tulipokaa", hadi ulimi ukawa unakwenda wenyewe, hata pasipo mteja.

Basi lifti ile ikawa mbovu kila wiki. Wengine walilalamika, mmoja hakulalamika. Kutoka lifti wakaenda kwenye chai, kutoka chai kwenye simu, na mwezi wa tano fundi akasema ana likizo ya wiki mbili na anataka kwenda Grenada, na si peke yake. Jioni wakakaa sebuleni kwa dada yake binti, wametandaza ramani mezani, wanabishana.

"Siku ya kwanza tunalala," fundi anasema.

"Siku ya kwanza maporomoko ya maji, laazizi. Kulala ungelala kwenu."

"Nimekaa shimoni mwa lifti miaka minane, unanipeleka tena kwenye shimo?"

"Hili lina maji na lina mimi."

"Basi liandike."

Wiki moja baadaye fundi akampigia simu ofisini.

"Roho yangu, pasipoti imetoka. Ila ile picha, utadhani nimekamatwa na kuku wa jirani."

"Mimi hata ukikamatwa nitakuletea chakula. Ukija jioni njoo nayo niicheke."

"Nitakuja nayo. Ehe, nirudie ile ya mkahawa wa bandarini."

Naye, macho kwenye kompyuta, ulimi ukaenda zake: "Tulikaa meza ya nje, mvua ikatukuta na samaki wetu, hatukunyanyuka. Tulijifunika kitambaa cha meza kimoja, tukacheka tu."



"Kitambaa kimoja?" fundi akauliza taratibu.

"Ndiyo, kwani..."

"Mlikuwa wawili. Ulikwenda na nani?"

Hapo ndipo binti alipotakiwa kusema kweli. Lakini mama mwenye ofisi alikuwa meza ya pili, na fundi naye ni mtu ambaye kazi yake haitaki uongo hata wa nusu inchi. Akimwambia hili ni uongo, si atauliza na lipi jingine?

"Nina mteja," akasema. "Nitakupigia."

Hakupiga. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa fundi: *Tutafute kisiwa kingine. Sitaki kukaa meza ya mwenzangu.* Binti akausoma mara nyingi. Akaanza kupanda ngazi, ghorofa sita kwenda, sita kurudi, asije akamkuta liftini. Na lifti, ajabu, wiki tatu nzima haikuharibika.

Asubuhi moja alikuwa anawahudumia mwalimu mstaafu na mkewe. Ilibaki sahihi tu. Bibi yule ameshika kalamu, anasema, "Sisi tunakwenda kwa kuwa wewe umefika, mwanangu." Mlango ukafunguka, akaingia fundi, hana ovaroli: shati jeupe, ndevu zimechongwa, pasipoti mkononi. Akasimama nyuma ya wazee, anangoja zamu kama mteja yeyote.

"Mpishe kijana," mwalimu akamwambia mkewe. "Huyu ana haraka kutuzidi."

Fundi akaweka pasipoti mezani. "Tiketi mbili. Grenada."

"Si ulisema tutafute kisiwa kingine?"

"Nilisema kwa wivu. Nimekaa nao wiki tatu, haupiki wala haufui, nimeufukuza. Aliyekupeleka alikupeleka. Mimi nataka twende ukiwa mke wangu. Jumamosi mimi na mjomba wangu tunakuja kwa baba yako, ukinikubalia. Ila nitajie huyo mtu, nilisikie jina mara moja, liishe. Nisije nikawa namtafuta kila meza tutakayokaa."

Meza ya pili mama mwenye ofisi alishanyanyua kichwa. Alimtazama binti, akatikisa kidole, kidogo tu, vile wanavyojuana wafanyakazi. Mke wa mwalimu naye akaiweka kalamu chini, anasikiliza.

Binti akakifunga kile kitabu cha picha. Akasimama, na sauti yake ilipotoka ilisikika hadi kwa waliokaa mlangoni.

"Sikwenda na mtu. Sikwenda kabisa. Hata ndege sijaipanda siku moja, na ya kwanza nataka niipande na wewe."