Mwanagenzi wa Jordbro

"Mama Clovis, siku hizi ndege zinatua Jordbro?"

Truphosa, jirani wa ghorofa ya tano, alimuuliza Concessa swali hilo ndani ya lifti, Jumatatu moja asubuhi, huku akicheka. Mtaa mzima wa Alby, huku Uswidi, ulijua kwamba Concessa husafisha uwanja wa ndege kule Märsta, kaskazini kabisa. Sasa imekuwaje aonekane akipanda treni ya kusini, tena kavaa viatu vya ngozi?

"Kuna shughuli huko," Concessa alijibu, macho kwenye namba za lifti.

Hakuongeza neno. Angeongeza moja tu, yasingemkuta yaliyomkuta wiki tatu baadaye.

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake, kwenye misa ya Kiswahili, ndoa yake na Bethuel ingetangazwa kwa mara ya tatu na ya mwisho. Concessa alikuwa mjane kutoka Burundi, miaka arobaini na tisa. Bethuel alikuwa Mkenya, dereva wa basi, mgane wa miaka hamsini na tano anayepiga pasi hadi soksi. Concessa alikuwa anakaanga ndizi akiimba wimbo wa Bikira Maria, simu ikalia. Ujumbe.

"Concessa nakuja. Usipike. Tukishaongea nitampigia padri."

Akaacha kuimba. Akasema, "Mungu wangu, simama nami," akageuza ndizi zisiungue.

Bethuel hakuja peke yake. Nyuma yake aliingia Truphosa, akavua buti mlangoni, akajikalisha kwenye kochi na pochi mapajani. Bethuel alibaki amesimama.

"Axel ni nani?"

"Nani amekwambia habari za Axel?"

"Mimi ndiye nimeuliza kwanza, mama. Axel ni nani?"

"Ni mkubwa wangu wa kazi."

"Wa Märsta?"

Concessa alifuta mikono kwenye kitenge.

"Wa Jordbro."

"Haya! Umesikia, Ndugu Bethuel?" Truphosa akadakia. "Si nilikwambia? Alhamisi hii, saa nne asubuhi, stesheni ya Jordbro, kwa macho yangu mawili. Wameshikana mikono kama watoto wa sekondari! Kijana mzungu mwembamba, nywele za njano. Eti Axel, Axel, kicheko hadi jino la mwisho!"

"Dada Truphosa, subiri," Concessa alisema. "Zamu yako itafika."

Aliingia chumbani, akatoka na faili la bluu na kitambulisho chenye kamba ya shingoni. Akamkabidhi Bethuel.

"Soma."

Bethuel alivaa miwani. Kitambulisho kilikuwa cha Kiswidi; alikisoma kimoyomoyo, kisha akakirudia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu asiyeamini mdomo wake.

"Mwanagenzi. Idara ya fedha. Mwanagenzi? Wewe?"

"Mimi. Magoti yalikataa kusafisha mwaka jana. Nikajiandikisha shule ya watu wazima. Siku mbili niko darasani, siku tatu niko ofisini kwenye ghala la vipuri, Jordbro. Ankara zikiingia, nazikagua kabla hazijalipwa. Axel ndiye anayenifundisha. Ana miaka ishirini na saba, Bethuel! Clovis wangu ni mkubwa kwake. Siku ile treni zilipokwama kwa theluji alinileta na gari hadi hapa chini, mkewe na mtoto wao wakiwa kiti cha nyuma. Hapo ndipo dada alipomwona na kusikia jina lake. Nilimpungia dada mkono."

Truphosa alianza kuhesabu maua ya kwenye pazia.

"Mwaka mzima," Bethuel alisema. "Mwaka mzima unaniandikia 'nimefika kazini salama', na mimi nawaza Märsta."

"Sikuandika Märsta."

"Na Jordbro je, uliandika?"

Concessa alivuta kiti. Akakaa chini.

"Hapana. Hilo ni kosa langu. Nilimpelekea Mungu, na wewe nilipaswa kukuletea pia. Niliogopa, Bethuel. Mimi niliishia darasa la sita. Siku ya kwanza nimekaa na watoto wa miaka kumi na tisa, mmoja akaniuliza kama nimekuja kufagia. Nikasema moyoni, nikishindwa, ashuhudie Mungu peke yake. Nikishinda, nitamwambia Bethuel. Jana wamenipa barua. Wananiajiri. Hizo ndizi nilikuwa nakukaangia wewe, nikwambie leo."

Bethuel alifungua faili. Barua ilikuwa juu kabisa. Akaisoma yote, hadi anwani. Akavua miwani, akakaa kando yake.

"Unajua leseni ya basi nilianguka mara ngapi?"

"Si uliniambia ulipita mara ya kwanza?"

"Mara tatu, mama. Marehemu mke wangu nilikuwa nikimwambia mtihani umeahirishwa, basi limeharibika. Basi lilelile, mara tatu!"

Concessa alijaribu kujizuia, kicheko kikamtoka na machozi pamoja. Bethuel naye akacheka, mabega yakimtikisika. Tangu ule ujumbe wa simu, ndiyo kwanza Concessa akavuta pumzi iliyofika chini.

"Sawa, ofisi tumekubali," Truphosa alisema. "Na ile mikono je? Nayo ilikuwa inakagua ankara?"

Kicheko cha Bethuel kikapungua.

"Ndiyo. Hiyo mikono, Concessa."

Concessa alipangusa macho. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Dada, uliniona siku gani?"

"Alhamisi. Nirudie mara ngapi?"

"Hii iliyopita?"

"Hiihii. Saa nne. Mbele za Mungu."

"Mungu mwache kwanza. Jambo la kwanza nililofundishwa kazini ni kutazama tarehe. Ankara inaweza kuwa na muhuri na maneno matamu, lakini tarehe isipokaa sawa, hatulipi. Bethuel, nakuomba ushuke kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima. Mlangoni kuna karatasi. Ibandue uje nayo."

Truphosa aliinuka nusu. "Karatasi gani tena?"

"Kaa, dada. Ndizi bado zina moto."

Bethuel alirudi anahema. Karatasi ilikuwa ya Kiswidi, herufi kubwa za hasira. Akatafsiri kwa sauti.

"'Alhamisi, tarehe kumi na tatu, saa nne na dakika kumi. Nani amejaza manyoya ya mbwa kwenye mashine ya kukaushia? Nimesimama hapa tangu saa mbili na siondoki mpaka mwenyewe aje kusafisha! Truphosa, ghorofa ya tano.'"

Akaikunja, akaiweka mezani mbele ya Truphosa.

"Tarehe kumi na tatu ni juzi, dada. Na kutoka hapa hadi Jordbro ni saa nzima. Na wewe umesema huondoki."

Truphosa alianza kufungua na kufunga pochi yake.

"Ni kwa ajili ya mdogo wako Roselyn?" Bethuel aliuliza. "Picha yake umeniletea mara mbili, nikakurudishia mara mbili. Ningejua mapema."

Akatoa simu, akabonyeza namba. Concessa akaona jina la padri kwenye kioo.

"Father? Bethuel hapa. Hapana, hakuna kilichoharibika. Nilitaka kuomba tu, kesho tangazo letu lisomwe kwa sauti. Ee, kubwa kabisa. Kuna watu huku hawasikii vizuri."

Concessa alifunika uso kwa kitenge, akicheka na kumshukuru Mungu kwa Kirundi. Kisha akainuka, akachukua sahani.

"Dada Truphosa, kesho njoo ukae benchi langu. Na ndizi, nikufungie?"

Truphosa alichukua karatasi yake mezani, akaisokomeza kwenye pochi. Akaenda mlangoni, akainama kuvaa buti. Zipu ya mguu wa kushoto ikakwama katikati. Akaivuta mara moja, akaivuta mara ya pili, wenzake wakimtazama. Akaiacha hivyohivyo, akafungua mlango, akatoka.