Kura ya Chumba cha Mama

Ndugu msomaji, asubuhi katika nyumba ile zilikuwa tulivu. Mama, ambaye kiharusi kilimfunga mikono na ulimi, alilala chumba cha mbele, dirisha wazi, majirani wakipita na kumjulia hali. Kitindamimba wake, fundi cherehani, alimwogesha na kumlisha kabla ya kwenda kazini.

Amani hiyo iliisha Jumapili moja. Kaka mkubwa, kinyozi, alikitaka chumba kile kiwe saluni yake. Mama ahamie stoo ya nyuma, isiyo na dirisha, palipowekwa mifuko ya saruji.

Marehemu baba aliwazoesha watoto wake wanne kuamua kila jambo kwa kunyoosha mikono, hata nani aoge kwanza. Mkono usionyooshwa haukuhesabiwa.

"Kaka, mama ana kifua," alisema kitindamimba. "Lile vumbi litammaliza."

"Haya, daktari wa sindano za cherehani kasema," kaka wa pili alimcheka. "Wengi wape, mdogo wangu."

"Basi tumuulize mwenyewe."

Kinyozi akainama kitandani. "Mama, kama hutaki, nyoosha mkono."

Mama alimkazia macho. Midomo ilitetemeka, mkono ukabaki palepale juu ya shuka. Kitindamimba akaushika, akauinua.

"Huo umeuinua wewe. Hauhesabiki," kinyozi alisema.

Kinyozi, kaka wa pili na ndugu wa tatu wakanyoosha mikono: watatu kwa mmoja. Kitindamimba akanyamaza, maana baba alisema aliyeshindwa kura haongezi neno. Jamani, hapo ndipo naye alipokosea.

Wiki ya kwanza stooni mama alikohoa. Ya pili alitweta kama aliyepanda mlima. Alasiri moja kitindamimba alirudi kutoka kazini akakuta mashine ya kunyolea inanguruma, wateja wanacheka. Nyuma, mlango wa stoo ulikuwa umekomewa kwa nje, kikohozi kisiwakere wateja. Alipofungua, mama alikuwa ameshakata roho, uso umegeukia mlangoni.

"Tulikubaliana wote," kinyozi alisema, mashine bado mkononi.

"Wote nani, kaka? Mama alikubali lini?"

Mteja aliyenyolewa nusu kichwa aliinuka, akaondoka bila kuaga.

FUNZO

Wengi wana haki ya kuamua, lakini hawana haki ya kumnyima mtu pumzi. Iwe nyumbani, mtaani au katika nchi, kabla hamjahesabu kura, mtazameni atakayeumia na asiyeweza kujisemea. Nawe uliyeshindwa kura, usinyamaze ukiona mtu anaangamia.